Taa Zote Zilikuwa Kijani

Mwanangu Nyangeta, mama yangu,

Mimi baba yako Magesa nina miaka sabini na mbili. Nimezika kaka watatu na dada mmoja, nimezika mabosi wawili, na nimeishi kuliko nguzo zote za simu za mbao nilizozipanda kutoka Musoma mpaka Bunda, na zilikuwa nyingi. Nguzo zimeoza, nyaya za shaba zimeibiwa, simu za mezani watoto hawazijui tena, mimi nipo. Meno ninayo ishirini na sita, nimeyahesabu leo asubuhi. Anayesema Magesa amekwisha aje hapa uwanjani tubebe nguzo wote, yeye mbele mimi nyuma, tuone nani ataomba kupumzika.

Nakuandikia mchana. Wewe na mama yako mko kanisani mnaombewa safari. Mimi nilisema goti linauma. Goti ni zima. Nimebaki kwa sababu kesho asubuhi unapanda gari kwenda Mwanza kuanza kazi, na kuna jambo nimeshindwa kukwambia kwa mdomo tangu Alhamisi. Kila ukikaa karibu naanza kuongea habari za mahindi.

Habari za chakula, za nguo, za kufunga mlango wa chumba na za wanaume wa mjini, mama yako amezimaliza na amezirudia. Sina cha kuongeza hapo.

Alhamisi ulirudi unacheka, ukasema, "Baba, nimelipata jina la mkuu wetu wa mafundi. Anaitwa Manyama. Wanasema alifanyaga kazi hapa Musoma, mtaa wa Mukendo! Lazima anakujua." Ukaniambia siku ya kwanza tu utamwambia wewe ni mtoto wa nani, utamwambia na ile hadithi ya Butiama. Mimi nikakuuliza, Manyama yupi? Nikasema simkumbuki.

Namkumbuka. Namkumbuka mpaka shati lake. Ndiyo sababu ya barua hii: usimwambie ile hadithi. Hiyo hadithi ni ya uongo, na uongo wenyewe nilimfanyia yeye.

Sasa sikia, nianze mwanzo, maana wewe ulikuwa darasa la tano na ulichojua ni kile nilichokuwa nakisema mimi pale sebuleni.

Kampuni ile ya Mukendo iliponichukua nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima. Walinichukua kuchimba mtaro wa kulaza faiba, zile nyaya za intaneti. Lakini mimi siyo mtu wa jembe tu, unanijua. Mwaka haukuisha nilikuwa naunganisha nyuzi za kioo nyembamba kama unywele wa mtoto mchanga, na mkono wangu haukutetemeka. Vijana wa chuo walikuwa wanakuja kuangalia. Hilo ni kweli, na hata Manyama atakwambia. Nilimaliza darasa la nne tu, nikaunganisha mtandao wa mkoa.

Tulikuwa na vibanda vitatu vya mitambo: Musoma, Butiama na Bunda. Kila kibanda kina swichi yake, mtambo wa kupokea na kugawa habari, na kila kibanda kimefungwa kwa wenzake wawili, hivyo njia inazunguka kama pembetatu. Upande mmoja ukikatika, habari zinapita upande mwingine. Wewe unajua haya kuliko mimi. Nakuandikia tu ili uone kwamba nilijua ninachokigusa. Siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Na kila njia ni nyuzi mbili. Mmoja unapeleka, mmoja unaleta. Sasa nyuzi zote za faiba ni za njano, na ukizichomoa zinafanana kama dagaa. Manyama alikuwa ameziwekea lebo, karatasi ndogo zenye maandishi ya mashine: hii ya Musoma kwenda, hii ya Musoma kuja, hii ya Bunda kwenda, hii ya Bunda kuja. Mimi lebo zake sikuzitaka. Nilikuwa na alama zangu. Kule Murangi baba yangu alikuwa anafunga uzi wa rangi yake kwenye pembe ya nyavu, ili zikianikwa ufukweni na za wenzake kila mtu ajue zake. Mimi nikafanya hivyo hivyo. Uzi mweusi wa nyavu ni wa Musoma, uzi wa kijani ni wa Bunda. Fundo moja unapeleka, mafundo mawili unaleta. Mama yako ndiye alikuwa ananikatia vile vipande hapa nyumbani.

Nilikuwa nawaambia watu lebo ni za watoto wa chuo. Kweli yenyewe ni kwamba macho yalishaanza kunikataa na sikutaka kuvaa miwani mbele ya Manyama. Maandishi yale yalikuwa madogo. Nikiyatazama naona siafu.

Manyama alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mpole, anaongea kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa. Hakuwahi kunikosea adabu. Siku moja tukiwa Bunda tulikuta njia moja inasumbua. Upande wa Bunda unapokea, upande wa pili haupati kitu. Tukatafuta mpaka tukakuta uzi mmoja umebanwa na mfuniko wa boksi, umevunjika ndani kwa ndani. Mwenzake mzima kabisa. Manyama akaniambia kuna kitu amekiweka kwenye swichi zote tatu cha kukamata ugonjwa wa namna ile, njia inayokwenda isiyorudi.

Nikamwambia, "Kwani taa haitoshi? Mimi nikiona kijani naenda kula."

Akacheka. "Mzee, taa inakwambia mwanga umefika. Haikwambii umetoka kwa nani."

"Sasa hicho kidude chako kinajuaje?"

"Kinabisha hodi kwa jina. Kinasema, mimi ni wa Butiama, niko tundu namba moja, nani ananisikia? Yule wa pili anatakiwa ajibu, mimi ni wa Musoma, nimekusikia wewe wa Butiama wa tundu namba moja. Jina lake lisiporudi, au likirudi jina la mtu mwingine, anafunga mlango."

Nikamwambia, "Yaani swichi inataka iitwe jina ndiyo ifungue, kama bibi harusi?" Tukacheka wote wawili, na dereva naye. Nikakipa jina, mlinzi wa Manyama. Kila nikitaka kumtania namuuliza, mlinzi wako amelala?

Nimekuandikia mazungumzo hayo yote ili uone kwamba nilifundishwa. Vizuri, kwa upole, na kwa Kiswahili.

Basi. Siku hiyo yenyewe nilitumwa Butiama peke yangu kusafisha. Vumbi la kule linaingiaga hata kwenye kabati lililofungwa. Kazi ya kusafisha ni kuchomoa uzi mmoja, unafuta kichwa chake kwa kitambaa chake maalumu, unarudisha, ndipo unachomoa mwingine. Mimi nilichomoa zote nne kwa mpigo. Nilitaka kumaliza haraka niwahi samaki. Nikazifuta, nikatazama alama zangu nirudishe.

Uzi wa kijani haukuwepo. Nikakumbuka. Miezi michache kabla ya hapo kijani iliniishia, nikafunga nyeusi kwa zote, nikajiambia nitakumbuka ipi ni ipi. Sasa niko pale na nyuzi nne mkononi, zote zina nyeusi, mbili za fundo moja na mbili za mafundo mawili. Lebo za Manyama zilikuwa pale pale, sentimita mbili kutoka kwenye mafundo yangu. Sikuzisoma. Nilirudisha kwa kukisia.

Taa zote zikawaka kijani. Nne. Nikamwita mlinzi wa kibanda, Mzee Wambura, nikamwambia, "Umeona mkono wa mtu?" Nikafunga kabati nikaenda kula sato.

Wewe umeshaelewa nilichofanya. Nyuzi za kupeleka niliziweka sawa. Zile za kuleta nilizibadilisha. Tundu la Musoma likawa linapeleka Musoma lakini linasikia Bunda. La Bunda linapeleka Bunda, linasikia Musoma. Mwanga upo kila mahali, kwa hiyo taa ni kijani kila mahali, na hakuna anayezungumza na anayemsikia. Hata ungepima mwanga kwa kipimo ungekuta safi.

Mlinzi wa Manyama akakamata muda ule ule. Akabisha hodi, akajibiwa na jina la mtu mwingine, akafunga milango yote miwili. Butiama ikakatika. Butiama tu, maana Musoma na Bunda walikuwa na njia yao wenyewe. Nilipofika ofisini Mukendo simu za wateja wa Butiama zinalia, bosi amesimama katikati ya chumba, Manyama yuko kwenye kompyuta.

Manyama akaniuliza bila kugeuka, "Mzee, shikamoo. Butiama umechomoa chochote?"

"Marahaba. Nimefuta vumbi la kabati."

"Nyuzi hukugusa?"

"Sijagusa."

Mwanangu, sikupanga kusema hivyo. Lilitoka tu. Mtu akiniuliza kama nimekosea, jibu langu linakuwaga tayari kabla ya swali.

Akamwambia bosi, "Hizi nyuzi zimepishana. Swichi inaonyesha jirani siye. Tumrudishe mtu Butiama akazitazame, saa moja na nusu tu."

Bosi akasema wateja hawana saa moja na nusu. Akanigeukia, "Mzee Magesa, wewe ndiye umetoka huko. Nyuzi zikoje?"

"Ziko sawa. Taa zote nimeziacha kijani, Wambura shahidi. Kinachofunga njia ni hicho kidude cha Manyama. Nilisema tangu mwanzo."

Sikuwahi kusema tangu mwanzo. Nilikuwa natania tangu mwanzo.

Bosi akamwamuru akitoe. Manyama akakataa mara mbili. Alisema, "Bosi, nikimtoa huyu kabla ya kuangalia nyuzi, habari zitaanza kuzunguka hazina pa kutokea. Hatutaikosa Butiama peke yake, tutaikosa yote." Bosi akamuuliza nani anamlipa mshahara. Akakitoa.

Chai niliyokuwa nimemiminiwa haikuwahi kupoa. Butiama ilirudi, bosi na vijana wa kupokea simu wakapiga makofi, halafu Musoma ikakata, halafu Bunda ikakata. Swichi zilikuwa zinajirushia habari ile ile, zikiizungusha, zikiizidisha, mpaka zikawa hazisikii hata amri ya mtu. Maduka, shule, kiwanda cha samaki, wote kimya. Manyama akainuka, akachukua pikapu akakimbia Bunda kuchomoa kwa mkono, maana kutoka mbali mitambo haikumsikiliza tena, na bosi alishaamini neno langu kwamba Butiama iko sawa.

Na mimi nilishajua. Hapo hapo, na kikombe mkononi, nilikumbuka uzi mweusi. Ningeweza kusema. Tulikuwa watu wanne mle ndani.

Nilitoka, nikapanda bodaboda mpaka Butiama. Mzee Wambura aliponiona akasema, "Si umetoka hapa asubuhi wewe?" Nikamwambia anyamaze alete miwani yake. Alikuwa na miwani ya kusomea Biblia, imefungwa waya sikioni. Nikaivaa. Nikasoma lebo za Manyama, moja moja, kwa kidole, kama mtoto wa chekechea. Nikabadilisha nyuzi mbili. Haikufika dakika tano. Mtandao wa mkoa ukarudi.

Nikampigia bosi nikasema nimeponya. Akauliza nimekuta nini. Nikasema uchafu.

Hiyo ndiyo hadithi yako. Fundi wa darasa la nne aliyewashinda wasomi. Ulisimuliwa hapa nyumbani, ukaiandika kwenye insha shuleni, ukapewa alama nzuri, ukaanza kuchezea koleo zangu, ukaenda chuo kusoma mambo haya haya. Mara nyingi nilitaka kuipunguza. Badala yake kila mwaka iliongezeka kidogo. Mwaka jana, nakumbuka, nilikuwa nimefikia kusema niliponya gizani.

Manyama alifukuzwa kesho yake asubuhi. Ilisemwa aliweka kitu kwenye mitambo bila ruhusa na ndicho kilichoiangusha. Alikuwa ndiyo kwanza amehamishia mke na watoto kwenye vyumba viwili pale Mukendo. Kabla hajaondoka alikuja hapa. Wewe ulikuwa shule. Hakukaa. Alisimama pale mlangoni akauliza, "Mzee, Butiama ulikuta nini?"

"Uchafu. Nilifuta."

"Uchafu haubadilishi jina, mzee."

Akanitazama, siyo kwa hasira, ningependa ingekuwa hasira. Akasema, "Haya. Nisalimie mama." Akaenda.

Mama yako alikuwa jikoni, akasikia. Hajaniuliza mpaka leo, lakini tangu siku ile hakunikatia tena uzi wa nyavu. Nilikata mwenyewe.

Sasa unaniuliza, baba, hukupata nafasi ya kumtafuta? Nilipata. Namba yake nilikuwa nayo mpaka ile simu ilipozama ziwani. Nilijiambia amepata kazi nzuri Mwanza, kwa hiyo nilimsaidia. Ndiyo, nilifika hapo. Nilijiona nimemfanyia wema. Mtu akikaa na jambo peke yake kwa muda mrefu anaweza kulipeleka popote, hakuna wa kumrudisha.

Sikuandikii ili unionee huruma, na usije ukanililia humo garini mbele ya kondakta. Nimefanya kazi miaka arobaini na tano na makosa makubwa ninayoyajua ni machache. Hili ndilo moja lililomwondoa mtu mwingine kwenye mkate wake. Nililikubali moyoni ile ile saa ya kwanza. Mdomo ndio umechukua miaka yote hii.

Kuhusu kazi, wewe umesoma. Lakini haya mawili niliyoyanunua ghali nakupa. Ukikuta njia ina taa kijani pande zote na watu wanalia hawapati kitu, usibishane na taa. Mpigie mwenzako wa upande wa pili, chomoa uzi mmoja, muulize, kwako imezimika ipi? Kama imezimika ambayo hukutegemea, umeshampata mgonjwa. Na mlango ukifungwa na yule mlinzi, usikimbilie kuufungua tena na tena kwa sababu bosi anapiga kelele. Amefunga kwa sababu ameitikiwa na asiyemjua. Nenda kwenye nyuzi kwanza.

La pili siyo la mitambo. Ukiulizwa, "Umegusa?" na umegusa, sema nimegusa. Neno lenyewe ni dogo na linaisha. Mimi nililikimbia, likanikuta Alhamisi, kwenye kochi langu, likitoka mdomoni mwa mtoto wangu anacheka.

Najua ninakupeleka pabaya. Utakaa chini ya mtu niliyemwangusha, na ukisema jina la baba yako anaweza kubadilika uso. Nilifikiria kukwambia utumie jina la babu. Halafu nikaona nitakuwa nimekufundisha ufundi wangu ule ule. Sema Magesa. Akibadilika uso, ana haki. Akikuweka mbali, vumilia, siyo wewe anayemweka mbali, ni mimi. Lakini ninavyomkumbuka, hatakufanyia. Yule alinisalimia kwa adabu siku niliyomnyang'anya kazi.

Ningekuja mwenyewe. Usiamini habari ya goti. Ni uso ndio hautaki kusafiri. Nipe muda kidogo, nikikusikia umeanza vizuri nitakuja, na nitakuja na miwani.

Nimesikia watu barabarani, nafikiri mmetoka kanisani, kwa hiyo namaliza. Barua nitaiweka chini ya nguo kwenye begi lako la mkononi, na juu ya bahasha nitaandika uisome ukishavuka Bunda, siyo hapa.

Kama unadhani mzee ameongeza chumvi kama kawaida yake, waulize watu. Mama yako ni shahidi wa nyuzi nyeusi na wa maneno ya mlangoni. Mzee Wambura bado yuko Butiama, ni kipofu sasa jicho moja, lakini anakumbuka nani alivaa miwani yake na kwa kazi gani. Na shahidi wa tatu ni Manyama mwenyewe. Ila yeye anaijua nusu moja tu, ile ya ofisini. Ya kibandani hakuna aliyewahi kumwambia. Msomee barua hii.

Baba yako,
Magesa